Tafakari ya Juma: Bodi ya Bluu



Wapendwa waamini, juma hili mtuwie radhi, kwani tunawaletea habari za kutu, bolti na chuma. Wengi wenu mmetuuliza baada ya Misa ya pili kwa nini gari la parokia lilikaa majuma tisa juu ya magogo, nyuma ya nyumba ya mapadre, likiwa limevuliwa mgongo. Wengine sababu mnaijua, na baadhi yenu mnaijua kuliko tunavyopenda. Ni haki yenu kuisikia kutoka kwetu wenyewe.

Gari lenyewe si geni kwenu. Ni Toyota Land Cruiser pikapu ya mwaka 1992, ya toleo la 75, ambalo mwaka 1999 lilirithiwa na toleo la 79. Injini yake ya dizeli, ile iitwayo 1HZ yenye mitungi 6, inawaka hata asubuhi za baridi wakati paroko mwenyewe bado hajawaka. Kebini tuliitengeneza kiangazi kilichotangulia. Ilibaki bodi ya nyuma, nayo ilikuwa viraka juu ya viraka. Kwa miaka mingi imebeba sementi ya vigango, mahindi ya zaka, wagonjwa, wanakwaya na majeneza. Katika mazishi fulani mguu wa mmoja wa wabebaji ulizama sakafuni hadi gotini, na jeneza likayumba mbele ya wafiwa. Halmashauri Walei haikuhitaji kikao kirefu baada ya hapo.

Fundi wetu ni mzee aliyejifunza kazi katika karakana za Peramiho, misheni ya Wabenediktini iliyoanza mwaka 1898, na anazungumza na chuma kama wengine wanavyozungumza na ng'ombe. Alitufundisha jambo ambalo katika miaka yote ya kuliendesha gari hilo hatukuwahi kulitafakari: bodi ya pikapu si sehemu ya mwili wa gari. Mwili wa gari ni chesisi, zile reli mbili za chuma zilizounganishwa kwa vipande vya kukingama kama ngazi. Kebini imekaa juu yake peke yake, na bodi imekaa juu yake peke yake, kila moja kwa bolti zake na raba zake. Hata namba ya chesisi imegongwa kwenye reli hiyo. Kwa hiyo unaweza kubadili bodi na gari likabaki lile lile.

Kuivua bodi ya zamani kulichukua siku tatu. Kwanza fundi alichomoa waya za betri, kisha waya za taa za nyuma, kisha akafungua shingo ya tangi la mafuta inayopita ubavuni mwa bodi. Akasema wako waliosahau shingo hiyo wakanyanyua bodi pamoja na bomba lake. Bolti alizilowesha kwa dizeli usiku kucha. Nyingine zilikubali spana, nyingine zilikatwa kwa grenda. Ndipo wanaume wa UWAKA wakapitisha miti miwili chini yake, wakahesabu hadi tatu, wakaiinua.

Chini yake tulikuta shamba. Udongo wa barabara za vigango vyote ulikuwa umejaa juu ya reli, umeshikana, na mahindi mawili yalikuwa yameota humo. Udongo ule hushika maji, na maji hayo ndiyo mama wa kutu. Fundi aliukwangua polepole, akafika pembe ya nyuma kushoto, akanyamaza. Chesisi ilikuwa imepasuka hapo. Miaka kadhaa nyuma fundi mwingine, kwa nia njema na kwa maombi yetu sisi wenyewe tuliochoshwa na kelele za bodi iliyolegea, aliichomelea pembe ile moja kwa moja kwenye chesisi ili itulie. Nayo ikatulia. Lakini chesisi katika barabara ya makorongo hujikunja kidogo kila gurudumu moja linapopanda jiwe, na ndivyo ilivyoundwa. Mahali ilipozuiliwa kujikunja, ndipo ilipokatika. Tungeendelea na safari zetu mwaka mmoja zaidi, pengine tusingekuwa tukiwaandikia haya.

Sasa tufike kwenye bodi mpya, ambayo si mpya. Tuliipata mjini, kwa muuza vyuma chakavu, ikitoka kwenye gari la toleo lile lile lililopinduka mteremkoni. Kebini yake ilikuwa imelala kama chapati, lakini bodi ilikuwa nzima. Muuzaji hakutuficha kwamba ni ya gari la ajali. Bei ilikuwa nzuri. Hatukuuliza ajali ilikuwa ya lini wala ilimchukua nani. Tunakiri kwamba hatukuuliza kwa sababu bei ilikuwa nzuri.

Vijana walipoanza kuipiga msasa, chini ya rangi nyeupe ikatokea rangi ya bluu, na kwenye mlango wa nyuma yakatokea maandishi ya mwenye gari wa kwanza. Maandishi hayo yalikuwa yakijulikana sana katika minada ya upande wa pili wa bonde. Kufikia jioni habari ilikuwa imezunguka jumuiya zote: paroko amenunua bodi ya gari lililoua. Waamini wakaanza kunong'ona kuhusu mkosi. Wawili walituma ujumbe kwamba michango yao ya gari irudishwe.

Nasi tukakasirika. Jumapili iliyofuata tulipanda mimbarini tukahubiri juu ya ushirikina kwa dakika arobaini, tukiwauliza kama walibatizwa kwa maji au kwa uvumi. Baadhi yenu mlicheka. Tulishuka tukiwa tumeridhika, na kuridhika kwa mhubiri ni jambo la kuogopa.

Jumanne alikuja mama mmoja, mjane, aliyehamia kwetu kutoka ng'ambo ya bonde. Ameturuhusu kuandika haya pasipo jina lake. Alikaa barazani, akakataa chai, akasema, "Baba Paroko, mimi siogopi mkosi. Chuma hakina kosa. Mwanangu alikuwa amekaa nyuma ya gari lile, kwenye ukingo, wakitoka mnadani. Lilipopinduka, wawili waliokuwa mbele walitoka na michubuko. Yeye alirushwa." Akanyamaza kidogo. "Nilikuja kanisani Jumapili nikitaka kuwaomba jambo moja. Baada ya mahubiri nikaona haya. Naomba msipakie watoto wa watu humo. Kila mwezi nawaona wanakwaya wamekaa ukingoni wakienda kigangoni, wanaimba, nami nageuza uso."

Tulijaribu kujibu kitu. Kilichotoka ni habari za umbali wa vigango na nauli. Alisikiliza kwa heshima, akasema, "Haya, Baba," akaondoka.

Ndugu zangu, sheria ya usalama barabarani tuliijua. Pikapu ni gari la mizigo. Nyuma hakuna mkanda wala kiti wala paa, na gari linapoyumba hakuna kinachomshika mtu ila vidole vyake mwenyewe. Tuliijua, tukaipuuza kwa jina la uinjilishaji. Hivyo Jumapili ile aliyekuwa akiamini kwamba Mungu angelikinga gari hilo kinyume cha maumbile ya vitu hakuwa yule mama. Alikuwa yule aliyekuwa mimbarini.

Usiku huo tulifungua Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 6, habari ya Sanduku la Agano lililopakiwa kwenye gari jipya, ng'ombe wakajikwaa, na Uza akafa. Kwa miaka mingi tuliisoma kama habari ya kutisha tu. Lakini Daudi hakumkemea mtu. Aliogopa, akasimamisha maandamano, akaliacha Sanduku nyumbani kwa Obed-Edomu miezi mitatu. Na mwandishi wa Mambo ya Nyakati, katika sura ya 15 ya kitabu cha kwanza, anatuonyesha alichokigundua alipotulia: Sanduku lilipaswa kubebwa mabegani na Walawi. Kosa lilikuwa katika namna ya kubeba.

Tukamwomba fundi asimamishe kazi ya bodi. Ikabaki chini ya mwembe, nusu nyeupe nusu bluu. Yeye akaendelea na chesisi: akatoboa tundu dogo kila ncha ya ufa ili usiendelee, akauchomelea, akaongeza bamba la chuma ubavuni, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Kisha akapima kwa kamba kutoka pembe hadi pembe, mara mbili kwa kukingamisha, kuhakikisha reli hazijapinda. Jumapili mbili baadaye tuliomba radhi mbele yenu. Hilo mnalikumbuka, hatulirudii. Tulimwendea pia yule mama nyumbani kwake, safari hii tukanywa chai, tukamuuliza kama angependa tuirudishe bodi. Alisema fedha za parokia ni za maskini, tuifunge. Lakini ule mlango wenye maandishi hakutaka kuuona ukipita barabarani.

Basi ule mlango wa nyuma wa bodi yetu ya zamani, wenye bonde la ile ng'ombe mnaoikumbuka, ndio uliofungwa kwenye bodi mpya. Bawaba zilikubaliana kwa kuwa magari ni ndugu. Siku ya kuishusha, kijana mmoja alishauri tuichomelee kidogo ili isipige kelele. Fundi alimtazama tu. Aliweka raba nene chini ya kila bolti, akaacha nafasi ya vidole viwili kati ya bodi na kebini ili zisigongane barabarani, akafunga waya mpya wa ethi wa taa, akarudi baada ya juma moja kuzikaza bolti tena, kwa maana raba hukaa na kusinyaa.

Tuliibariki kwa sala za vyombo vya usafiri zilizomo katika kitabu cha Baraka cha mwaka 1984. Tangu siku hiyo hapandi mtu nyuma. Kwaya inakodi basi dogo mara moja kila miezi miwili, na miezi mingine vigango vinaimba vyenyewe. Tunajua mnanung'unika. Mwenyekiti wa kwaya ametuandikia barua mbili, na ya pili haikuanza kwa salamu.

Mlango wa bluu tulimpelekea yule mama, kwa kuwa aliuomba. Tulidhani ataufukia. Juma lililopita tulipopeleka Komunyo kwa wagonjwa wa jumuiya yake, tuliukuta umesimamishwa kwenye banda lake la kuku, umefungwa kwa waya, maandishi yakitazama ndani. Hakusema kitu, nasi hatukuuliza. Alitupa mayai sita, tukayaweka mbele, kwenye kiti.