Kojani: Sakafu Isiyotaka Kung'arishwa

Mgeni atokaye Unguja kwenda Kojani huvuka bahari mara mbili. Kwanza huvuka kwenda Pemba. Kisha, akishakikata kisiwa kutoka Wete hadi pwani ya mashariki, hupanda chombo kidogo na kuvuka mkondo mwembamba usiompa hata nafasi ya kumaliza mazungumzo na jirani yake. Ng'ambo huko ndiko uliko mji wa wavuvi, nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta, na vichochoro vyake ni vyembamba hata wawili wakikutana, mmoja hana budi kumpisha mwenziwe.

Wakojani wanajulikana pwani nzima. Huenda dago hadi Tanga, Mafia na Mombasa, wakahama na nyavu na vyungu vyao, wakarejea baada ya majuma au miezi. Lakini leo, ndugu msomaji, hatuendi baharini pamoja nao. Tutabaki nchi kavu, tukitazama chini, kwenye sakafu.

Neno lenyewe lina kisa. Kwa Kiarabu, asili yake ni paa au dari. Sisi wa pwani tunalikanyaga. Yumkini sababu ni kwamba katika nyumba za mawe zenye ghorofa, dari ya wa chini ndiyo sakafu ya wa juu: boriti za mikoko, mawe juu yake, kisha chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu na kokoto, ikapigwa kwa magongo hadi ikashikamana. Chokaa hiyo ilitokana na matumbawe yaliyochomwa kwa kuni. Hapo pana jambo zito kwa kisiwa kinachoishi kwa samaki, kwani tumbawe hai likivunjwa, samaki hukosa makazi, na mkoko ukikatwa, hukosa malezi. Basi sakafu ya chokaa iliyokwisha kupigwa ni mali. Kuibomoa kwa kuwa imefifia au inatoa vumbi ni hasara ambayo bahari pia huilipa.

Kuitunza, basi, ni kuipaka nini? Swali hilo humhusu pia mwenye sakafu ya matofali ya kuchoma, ambayo bara tumeyazoea zaidi. Wote wawili wanataka kitu kimoja: sakafu isinywe mafuta ya taa na mchuzi uliomwagika, lakini ibaki na sura yake ya udongo na jiwe, isimeremete kama sahani.

Mvuvi wa pwani hii analijua swali hilo kwa upande wa mbao. Chombo cha jadi hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa, nayo mbao huyanywa, zikawa nyeusi-nyeusi bila kuvikwa ngozi ngeni. Chini, panapokaa majini, hupakwa deheni ya chokaa na shahamu. Hekima ni kuingiza kinga ndani ya kitu, si kukifunika. (Msomaji asikimbilie kuipaka sifa chumbani. Jina lake ni sifa, lakini harufu yake haina sifa yoyote.)

Adui wa sakafu ya pwani hutoka chini. Maji ya ardhini hupanda kupitia vinyweleo vya tofali na chokaa, yakichukua chumvi. Yakifika juu hukauka, na chumvi huachwa kama unga mweupe, ambao hufagiliwa. Ukiifunika sakafu kwa vanishi ya plastiki au kwa ngozi ya saruji, unyevu hukosa njia. Chumvi huganda chini ya ngozi hiyo, ikaisukuma na kuibandua pamoja na uso wa tofali. Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, bandika kipande cha nailoni sakafuni, ufunge kingo zake, ukiache siku moja au mbili. Ukikuta matone chini yake, ngoja kiangazi.

Mafuta ya nazi, ingawa Pemba hayakosekani, hayafai. Hayakauki, hubaki yakinata, yakakusanya vumbi na kuchacha. Yafaayo ni mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yale ya maseremala, kwa kuwa huganda yanapokutana na hewa. Yazimue kwa tapentaini, pakaza kwa uchache, subiri robo saa, kisha futa yote yaliyobaki juu. Rudia kesho yake ikiwa sakafu bado ina kiu. Rangi itakoza kidogo, kama tofali lililonyeshewa. Wasiopenda hivyo wajaribu kwanza pembeni, nyuma ya kabati. Juu yake waweza kusugua nta ya nyuki, ile ambayo Tabora inasifika kwayo, lakini nyembamba sana, wazee wasije wakateleza.

Nisisitize jambo moja, maana nyumba za Kojani zimegusana: matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yakirundikwa hupata joto yenyewe na huweza kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke majini. Watoto nao wasilale katika chumba hicho hadi harufu ya tapentaini iishe.

Sakafu mpya ya chokaa ina njia yake. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa ya ukaa, kwa hiyo kuiziba mapema ni kuinyima pumzi. Mafundi wa Moroko huisugua kwa jiwe laini ingali changa, wakaipaka sabuni ya mafuta ya zeituni. Sabuni na chokaa huungana, zikazaa utando usioyeyuka majini. Kazi hiyo hula mkono na muda, lakini haihitaji kopo hata moja la dukani.

Baada ya hapo ni ufagio tu na maji kidogo. Ndimu na siki zisiguse chokaa kamwe, kwani huila. Na mchanga wa pwani, unaoingia na kila mguu, ufagiliwe kila asubuhi kabla haujageuka msasa.