Jinsi nilivyoyaanika madeni ya wateja wa dada

Kazi ya mwandishi wa habari ni kutangaza. Tangu nilipoipata stashahada yangu nimekwisha kutangaza mambo mengi ya watu, mengine ya sifa na mengine ya aibu, na sikumbuki kukosa usingizi kwa lolote katika hayo. Usiku nilioukosa usingizi ni mmoja tu, nao ni ule niliowatangazia watu sitini na wawili, bila kukusudia, kwamba mama mmoja wa Tabata anadaiwa shilingi 12,000 za siagi ya karanga.

Dada yangu mkubwa ni mjane, na nyumba yake iko Buguruni. Huko ndiko nilikokulia, na ada yangu ya chuo ilitoka katika karai lake. Nasema karai kwa maana yake halisi: kila Jumanne na Ijumaa, kabla ya alfajiri, dada hukaanga karanga juu ya jiko la mkaa, akazigeuza kwa mwiko mrefu mpaka ngozi zinapoanza kupasuka, kisha akazimimina juu ya mkeka zipoe. Zikisha kupoa husuguliwa kwa viganja, zikapepetwa kwa ungo, halafu huchaguliwa moja moja. Zamani alizipeleka mashine ya mtaani. Leo anayo ya kwake, ndogo, inayopiga kelele kama pikipiki mbovu. Siagi hutiwa katika chupa za glasi zenye mdomo mpana, na mteja anayerudisha chupa iliyooshwa hupunguziwa bei. Jirani zake humwita Mama Karanga, na wateja wa ofisini wameliiga jina hilo.

Wateja hao wa ofisini ndio kiini cha kisa hiki. Walipatikana mmoja mmoja, wengine katika maonyesho ya Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, wengine kwa kuonjeshana kazini. Dada aliyaandika majina yao katika daftari la kurasa mia, pamoja na namba za simu na anwani za barua pepe. Mwezi Juni mwaka 2024 nilimshauri tuwe na kijarida: barua moja kila mwezi, itakayowafikia wateja wote kwa pamoja na kuwaeleza kuna nini, kwa bei gani na kinapatikana wapi.

Najua utaniuliza: kwa nini barua pepe, ilhali kila mtu ana WhatsApp? Hilo lilijaribiwa. Dada alifungua kundi la wateja, na kabla ya wiki mbili kundi likajaa matangazo ya misiba ya watu tusiowajua, sala za asubuhi, picha za maua, na mtu mmoja aliyeuza matairi. Tangazo la siagi lilipita humo kama maji ya mfereji. Barua pepe ina upole wake. Humngoja mwenyewe mpaka aifungue mezani pake, na akiitaka tena baada ya miezi miwili huitafuta akaiona.

Basi nikaketi kuandika. Leo naona haya kuisoma barua ile. Nilianza na asili ya karanga, jinsi zilivyotoka Amerika ya Kusini na kuletwa Afrika na Wareno katika karne ya 16. Nikaendelea na sifa za mwanamke mchapakazi. Nikatia picha nne, nzito, kama zilivyotoka katika simu, pasipo kumfikiria msomaji anayehesabu bando lake. Dada alisimama nyuma yangu akikausha mikono kwa kanga.

“Bei iko wapi?” akauliza.

“Inakuja, dada. Kwanza lazima msomaji avutwe.”

“Mtu mwenye njaa havutwi, mdogo wangu. Anaambiwa chakula kiko wapi.”

Sikumsikiliza. Mimi ndiye niliyesomea.

Kilichofuata ni uzembe mtupu. Nililichukua daftari na kuyanakili majina katika orodha ya anwani ya kompyuta kama yalivyoandikwa. Lakini dada hakuwaandikia wateja wake majina ya kwenye vitambulisho. Aliwaandika ili yeye mwenyewe awakumbuke: “Mama wa Tabata deni 12,000.” “Mzee wa bandarini presha asitiliwe chumvi.” “Binti wa benki mjamzito chupa mbili.” Ni kumbukumbu za mtu anayewajali watu wake, na zilikuwa salama ndani ya daftari lililolala chini ya godoro. Nami nikazipachika zote, sitini na tatu, katika kijisanduku cha “Kwa”, mahali ambapo kila apokeaye barua huona wenzake wote walioandikiwa. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu usiku. Nikabonyeza, nikajinyoosha, nikaomba chai.

Mzee wa bandarini ndiye aliyetangulia kujibu, naye aliwajibu wote: “Jamani, presha yangu inawahusu nini hawa watu sitini na wawili?” Nilicheka kidogo kabla ya kuelewa. Nilipoelewa nilijaribu kuirudisha barua, lakini huduma tuliyoitumia humpa mtumaji sekunde 30 tu za kujutia, tena kwa aliyeiweka hivyo mapema. Sekunde zangu zilikwisha kupita wakati naomba chai.

Wakati huohuo simu ya dada ililia. Ulikuwa ujumbe wa fedha: shilingi 12,000 zimeingia. Hapakuwa na neno jingine lolote.

“Mbona mama wa Tabata analipa usiku huu?” dada akashangaa. “Nilimwambia angoje mpaka mwisho wa mwezi. Mtoto wake amelazwa.”

Ilinibidi nimweleze. Dada hakunigombeza. Aliketi juu ya gunia la karanga, akalifungua daftari lake, akawa analipitia ukurasa kwa ukurasa, kana kwamba anawasomea watu hao hesabu ya kile kilichowapata. Ningependa angenigombeza.

Baadaye, kwa ile tabia yetu waandishi ya kutafuta faraja katika maktaba, nilikumbuka kwamba sikuwa wa kwanza. Mwaka 1978 huko Marekani, mfanyabiashara wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment Corporation, aitwaye Gary Thuerk, alituma tangazo moja kwa watu wapatao 400 katika mtandao wa ARPANET, ambao ndio mzazi wa intaneti ya leo. Anwani zilikuwa nyingi mno hata zikafurika kutoka mahali pake na kumwagika ndani ya barua yenyewe, na malalamiko yakaja mara moja. Barua pepe za kupita kati ya kompyuta na kompyuta zilikuwa na umri wa miaka saba tu wakati huo, kwani Ray Tomlinson alituma ya kwanza mwaka 1971. Nilimsimulia dada habari hizo. Akaniuliza kama huyo Thuerk naye alitaja watoto waliolazwa.

Nilipendekeza tutume barua ya kuomba radhi. Dada alikataa. Wale ambao daftari lilikuwa limewaongezea neno walikuwa kumi na mmoja, na kwa hao, alisema, nitakwenda kwa miguu yangu, yeye akiwa mbele. Tulitumia Jumamosi mbili. Mzee wa bandarini alitukaribisha kahawa na kutusimulia habari za presha yake kwa saa nzima, kwa vile sasa haikuwa siri tena. Binti wa benki alinyamaza, kisha akasema mama mkwe wake alikuwa hajaambiwa. Mama wa Tabata alitupokea mlangoni. Hakutualika ndani. Alisema, “Nimesikia, na deni limekwisha,” akauliza kama kuna jingine. Mtoto alikuwa amekwisha kutoka hospitali, nilimwona nyuma ya pazia.

Nimeambiwa tangu hapo kwamba jambo hili si la adabu peke yake. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ndani yake habari za mtu, hususan za afya yake, si mali ya yule aliyeziandika katika daftari.

Kijarida hakikufa, na aliyekifufua ni dada. Alimpigia kila mteja akamwuliza kama anataka kuandikiwa. Arobaini na mmoja walikubali. Wengine walisema watapiga simu wakihitaji, nasi tukawaacha. Orodha mpya ina jina na anwani, basi. Anwani zote huingia katika kijisanduku chenye herufi Bcc, yaani nakala fiche, ambamo kila mtu hupokea barua yake bila kumwona mwenzake. Katika “Kwa” tunaiweka anwani yetu wenyewe. Kila mara huituma kwetu sisi wawili kwanza, tukaifungua katika simu ya dada, maana wateja wengi husoma humo, na kioo cha simu ile kina ufa unaoonyesha wazi ni mstari gani uliorefushwa bure. Kichwa cha barua hueleza kilichomo: “Siagi ya karanga ipo, chupa 6,000, kuchukua Ijumaa.” Picha ni moja, iliyopunguzwa uzito. Chini kabisa pana mstari usemao kwamba asiyetaka barua hizi ajibu neno “acha”, naye ataondolewa siku hiyohiyo. Wawili wamekwisha kujibu, na wameondolewa.

Maneno ni ya dada. Mimi huandika, yeye husema. Barua iliyopendwa kupita zote ilikuwa ya Septemba, nayo haikuuza chochote. Mteja mmoja alikuwa ameuliza habari za sumukuvu, ile sumu ya ukungu iliyoua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi, na ambayo karanga nazo huipata zikihifadhiwa na unyevu. Dada alieleza anavyochagua: punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au iliyovunjika huwekwa kando, kwani kukaanga hakuiondoi sumu yote; na gunia likinuka uvundo halinunui hata likishushwa bei. Akaongeza kwamba mwezi ule alitupa debe zima, ndiyo maana chupa zilikuwa chache. Nilimshauri aufute mstari huo, nikihofia kuwatisha wanunuzi. Aliuacha. Chupa zote zilikwisha kabla ya Alhamisi, na watu wanane waliandika kuuliza maswali, kila mmoja kwa siri yake.

Mama wa Tabata hayumo katika orodha. Kila mwezi, kabla sijabonyeza, dada huniuliza kama yumo, nami humjibu kwamba hakutoa ruhusa. Mwezi Novemba dada alimpelekea chupa moja kwa kijana wa bodaboda, bila barua na bila bei. Wiki tatu zilipita kimya. Jumamosi moja kijana yuleyule alisimama uani na kumkabidhi dada mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na chupa tupu, imeoshwa na kukaushwa, na kifuniko chake kimefungwa. Dada aliigeuza mara mbili mbele ya mwanga, kisha akaiweka katika rafu, pamoja na chupa za wateja.