Zunguka Gari Kwanza

Newala

Mpwa wangu,

Magoti ya bibi yako ni yale yale, mikorosho imetoa maua.

Nimeletewa habari kutoka Chiungutwa, na aliyenipa si mzushi. Anasema siku ya arobaini ulitoka uani kwa rivasi, muziki juu, ukaponda ndoo ya mtoto wa dada yako. Mtoto alikuwa ameinuka hapo punde tu, kaitwa akale ubwabwa. Wewe ukashuka, ukacheka, ukatoa elfu tano ya ndoo nyingine. Elfu tano!

Gari hukuniuliza. Korosho za mama yako ziliuzwa mnadani, Noah ikaja, nami mjomba mtu nikaiona barabarani kama mpita njia. Hilo nimelimeza. La ndoo halimezeki.

Miaka ya 1970 nilikuwa utingo wa lori, tukizoa magunia ya korosho vijijini kupeleka Mtwara. Gunia likitoboka, korosho zinadondoka, watoto wanaingia mvunguni kuziokota wakabanike. Dereva wangu, mzee wa Kimakua, hakuwasha gari mpaka nimelizunguka, nimeinama kila tairi, nimegonga bodi, nikasimama anione kwenye kioo. Akinipoteza kiooni, breki. Mwenzake wa lori jingine alimwita mwoga. Siku moja huyo mwenzake alipakia kijijini kwao. Utingo kaenda kunywa uji, naye akaona asogee nyuma kidogo apishe. Mtoto alikuwa amechuchumaa nyuma ya tairi, shati kalikunja kama mfuko, limejaa korosho. Alikuwa wake wa kumzaa. Pombe hakunywa, na lori halikufikia hata mwendo wa mtu atembeaye. Hakushika usukani tena, na nyumbani kwake korosho hazikubanikwa tena.

Mtoto wa watu hulikimbia gari. Wa kwako hulikimbilia, maana amezoea kuletewa maandazi. Kwa hiyo uani uogope kuliko barabara kuu. Wala usinitajie kamera: yako inaonyesha vumbi na kusema Kijapani. Mtoto wa miaka mitatu akisimama karibu na bampa la nyuma, kioo hakikuonyeshi hata nywele zake.

Ukifika nyumbani, ingia kwa rivasi mtu mzima akikusimamia, asubuhi utoke kwa mbele. Kabla ya kuwasha, zunguka kwa miguu, uiname, na watoto wote waonekane barazani wameshikwa mikono. Redio zima, kioo shusha. Ukiegesha, vuta handibreki, weka na jiwe. Ufunguo usimpe mtoto achezee, wala usimfungie garini juani, hata ukienda kununua vocha tu.

Dada yako amenyamaza kwa sababu ndiwe unayempeleka hospitali ya Mkomaindo mtoto akiugua. Usidhani amesahau. Mpelekee ndoo mwenyewe, umwombe radhi mbele ya mama yenu.

Mimi baadaye nilishika usukani, nikastaafu bila kugonga hata kuku, na kuku wa Newala unawajua.

Oktoba msimu unafunguliwa, utaanza kubeba magunia kwenye nyua za watu. Njoo kabla ya hapo, uje na hiyo Noah. Utakaa kitini, nami nitasogeza dumu nyuma ya gari hadi utakapoliona, ndipo upime kwa hatua zako mwenyewe. Pesa ya mafuta nitakurudishia.

Mjomba wako