Bikari na Skwea

Dereva mmoja wa lori, mzaliwa wa Tanga, husafiri barabara ya I-45 kati ya Houston na Dallas mara tatu kwa wiki. Kwa miaka mingi saa zile nne za njiani alizijaza kwa rekodi za sauti kuhusu kifo cha Rais Kennedy. Wageni wakifika kutoka Afrika Mashariki, yeye ndiye aliyewapeleka Dealey Plaza, akawaonyesha alama ya X nyeupe kwenye lami ya Elm Street, dirisha la ghorofa ya sita na kile kilima cha nyasi. Safari ya mwisho ya Rais aliisimulia kama mtu atajaye nasaba ya ukoo wake: tarehe 21 Novemba 1963 alikuwa Houston, usiku akalala Hotel Texas, Fort Worth, asubuhi ndege ikamshusha Love Field, saa sita na nusu mchana akapigwa risasi.

Shaka yake haikuwa ya kipumbavu. Mwaka 1964 Tume ya Warren iliamua kwamba Lee Harvey Oswald alitenda peke yake. Mwaka 1979 kamati ya Bunge la Marekani ikasema yaelekea palikuwa na njama, ikiegemea rekodi ya sauti ya polisi. Mwaka 1982 wanasayansi wakaikataa rekodi hiyo. Dola ikijikana hivyo, raia afanyeje? Katika kura ya maoni ya Gallup ya mwaka 2023, asilimia 65 ya Wamarekani walisema Oswald hakuwa peke yake.

Lakini shaka ina tabia ya kula hata kile ilichokiomba. Oswald alizikwa Fort Worth, na yakazuka madai kwamba aliyelala kaburini ni jasusi wa Kirusi. Oktoba 1981 kaburi likafukuliwa, meno yakalinganishwa na kumbukumbu zake za kijeshi, ikathibitika kuwa ni yeye. Wapo ambao hata hilo halikuwatuliza. Novemba 2021 umati ulikusanyika Dealey Plaza kumngoja mwana wa Kennedy, aliyefariki katika ajali ya ndege mwaka 1999, arejee akiwa hai. Dereva aliwacheka sana.

Kisha mdogo wake akafa Tanga, kwa ajali ya bodaboda.

Matanga hayajaanuliwa, minong'ono ikaanza. Kaka yuko Texas, amejenga nyumba ya ghorofa Raskazone, na sasa damu imemwagika: ametoa kafara. Ushahidi ulikuwepo. Miaka kadhaa nyuma alituma kwa jamaa picha aliyopiga katika mji mdogo wa njiani, kando ya bango lenye bikari na skwea. Texas mabango hayo husimama barabarani pamoja na ya makanisa. Chama Kikuu cha Freemason cha huko kiliasisiwa katika mji wa Houston mwaka 1837, na Sam Houston, ambaye mji umepewa jina lake, alikuwa mwanachama. Hata Dar es Salaam, Sir Andy Chande, mzaliwa wa Mombasa aliyefariki mwaka 2017, hakuuficha uanachama wake. Siri ya namna hii ina ubao mlangoni, nao ubao hausaidii kitu.

Wanazuoni wana maelezo mazuri. Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu uvumi wa wanyonya damu, aliwasoma mumiani na wazimamoto kama lugha ambayo watu wa enzi ya ukoloni waliitumia kuusema ulimwengu wao. Freemason wa leo anaweza kusomwa vivyo hivyo: pale njia ya kutoka kazini hadi kwenye utajiri haionekani, watu huichora wenyewe. Hoja hiyo inakubalika. Ila ni rahisi kuikubali maktabani kuliko kwenye simu, saa nane za usiku, mama mzazi akisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niambie mimi tu. Umeingia?"

Alimtumia hati za mshahara na karatasi za mkopo wa benki. Baba yake mdogo akazipitia moja moja, kisha akasema watu hao hawashindwi kutengeneza karatasi. Dereva hakuwa na jibu, kwa kuwa jibu hilo alilitoa yeye mwenyewe, tena mara nyingi, mbele ya wageni pale Elm Street, kila alipoulizwa kuhusu Tume ya Warren.

Mama anasema anamwamini. Shemeji yake, mjane, hajasema neno. Amewakataza tu watoto kupokea chochote kitokacho Marekani. Jozi nne za viatu zilirudishwa kwa mkono wa msafiri aliyekuwa akirejea Houston, zikiwa bado ndani ya maboksi yake. Ziko juu ya kabati, na mkubwa wa watoto hao sasa anavaa namba mbili zaidi.