Safari ya Engaresero

Kutoka Same hadi Mto wa Mbu ni lami. Sehemu hiyo hainisumbui. Kazi ni mbele yake, njia ya changarawe na mchanga mpaka Engaresero, kando ya Ziwa Natron. Barabara ya Mbaga imenifunza utelezi wa milimani, si mchanga. Nitabeba madumu mawili ya petroli, tyubu ya akiba, viraka, pampu, na maji mengi. Masika makorongo hayavukiki, basi Agosti.

Mwanangu anapinga: "Baba, kwa umri huo?" Lakini Ol Doinyo Lengai nimeufundisha miaka thelathini kwa chaki tu, lava yake nyeusi inayogeuka nyeupe kwa unyevu. Ulipolipuka mwaka 2007 nilisikia redioni. Mama watoto, bila kusema neno, ananishonea mfuko wa spana.