Kona 57, Baiskeli Mbili

Wapenzi wengi wakitaka kutoka wikiendi, akili inakimbilia Zanzibar au Bagamoyo. Sawa, bahari haina ubaya. Lakini kama mnataka kujua kama kweli mnaweza kusafiri pamoja, chukueni baiskeli mbili mkapande Hamsini na Saba.

Ndiyo, hilo ni jina la barabara. Kutoka Mbeya unafuata barabara kuu ya Dar es Salaam kilomita 78 mpaka Chimala, kisha unaiacha na kukata kusini. Mbele yako imesimama milima ya Kipengere kama ukuta, na barabara inaupanda ukuta huo kwa kona 57 hadi Matamba, wilayani Makete. Sisi tulipopita ilikuwa vumbi na mawe.

Mimi na mume wangu tulianza saa kumi na mbili asubuhi, mwezi Desemba, kabla joto la Usangu halijaamka. Tulikuwa pia na mzigo usiofungika kwenye keria: yeye alikuwa amepata kazi Mwanza, yangu iko Dar, na kwa wiki mbili kila tulipoligusa suala hilo tuliishia kununiana.

Kila mtu na mwendo wake

Mlima huwezi kuupanda kwa mwendo wa mwenzio. Yeye ana miguu mirefu, anapenda kusimama kwenye pedali. Mimi nakaa, naweka gia nyepesi kuliko zote na kuzungusha taratibu. Ukimfukuza aliye mbele, pumzi inakatika kona ya nane. Naye akijilazimisha kwenda polepole kama wewe, baiskeli inayumba na hasira zinampanda. Basi tulikubaliana tangu chini: kila mtu apande anavyoweza, ila kila kona ya kumi wa mbele anasubiri. Na mwenzake akifika, haondoki hapo hapo. Anampa naye muda wa kunywa maji.

Kona ya kumi, jasho. Kona ya ishirini, Chimala imebaki mabati yanayometa. Lori la viazi likateremka likinguruma, tukashuka na kujibana upande wa mlima, siyo wa bonde. Mama mmoja mwenye kikapu kichwani akatupita kwa miguu, akatusalimia “Kamwene!” bila hata kuhema. Aibu yetu!

Kona ya thelathini nilimkuta mume wangu amekaa juu ya jiwe, ameshanimenyea chungwa. Chini yetu Usangu ilikuwa imetandazwa yote, na mashamba yake ya mpunga yanayopata maji kutoka milima hii hii.

“Sasa hiyo Mwanza tunafanyaje, mke wangu?” akauliza.

Pengine ni kwa sababu hakuna aliyekuwa na pumzi ya kubishana, lakini tuliongea vizuri. Kona ya arobaini tukaendelea, ya hamsini tukamaliza. Atatangulia yeye, kwa mwaka mmoja. Tutaonana kila mwezi, tarehe tukizipanga mapema, na hakuna kuahirisha. Mwaka ukiisha tunakaa chini upya: ama nahamia, ama anarudi. Kona saba za mwisho nilipanda moyo mwepesi, ingawa mapaja yalikuwa yanawaka moto.

Bustani ya Mungu

Matamba tuliacha mizigo gesti, tukala, kisha tukaendelea kupanda kuelekea uwanda wa Kitulo, mita kama 2,600 juu ya usawa wa bahari. Hapa hamtakuta simba wala tembo. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, kilomita za mraba 413, ilianzishwa mwaka 2005 hasa kwa ajili ya maua, na wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ina aina zipatazo 350 za mimea, zikiwemo aina 45 za okidi. Viazi vya okidi hizo vilichimbwa kwa wingi kupelekwa Zambia, ambako hupikwa chakula kiitwacho chikanda. Ndiyo maana zilihitaji ulinzi.

Kabla hamjaondoka

Maua hushamiri Desemba hadi Aprili, lakini ndiyo msimu wa mvua na utelezi. Juni hadi Agosti ni baridi kali. Hata Desemba bebeni sweta na koti la mvua, maana kila mita 1,000 mnazopanda joto hupungua nyuzi kama sita. Chukueni mipira ya akiba na pampu, na viingilio vya hifadhi waulizeni TANAPA mapema.

Wakati wa kushuka, minyeni breki zote mbili kwa vipindi, siyo mfululizo, rimu zisipate moto. Na kabla ya kona ya kwanza, kubalianeni mtasubiriana wapi.