Lupita bila maneno

Najua nimepotea, TP imenibana kwelikweli. Nipo huku Idodi, njia ya kwenda hifadhi ya Ruaha, mtandao unakuja na kupotea. Leo naomba tumwongelee Lupita Nyong'o. Si mambo ya magauni, hayo mmeshayasoma sana. Mimi naongelea kazi.

Wengi tulimfahamu 2014 alipochukua Oscar kwa filamu ya 12 Years a Slave, tukadhani kaibuka jana. Wapi! Huyu dada alikuwa jukwaani Nairobi akiwa na miaka 14 tu, akicheza Juliet wa Shakespeare na kikundi cha Phoenix Players. Baadaye akasomea uigizaji Yale kule Marekani, akamaliza 2012. Halafu 2015, Oscar iko kabatini, akarudi jukwaani New York kwenye tamthilia ya Eclipsed ya Danai Gurira. Sasa jamani, ukumbi wa maigizo wa nini tena wakati dunia nzima inakuona kwenye sinema?

Jibu mimi nililipata kwenye A Quiet Place: Day One ya 2024. Humo kuna viumbe vinavyowinda kwa kusikia, ukitoa sauti umekwisha. Lupita ni mgonjwa wa saratani, yeye na paka wake, na muda mwingi hasemi neno. Ni kama zile filamu zisizo na sauti za enzi za Asta Nielsen, Mdenmark aliyetoka jukwaani akaingia kwenye filamu 1910. Hofu unaiona kwenye pumzi, kwenye shingo, kwenye macho. Hiyo huipati kwa kukariri maneno. Jukwaani ndiko mwili unakofundishwa kuongea. Kamera ikisogea karibu, unapunguza tu, hata kope inatosha.

Kwa nini nawaletea haya? Ni hawa kidato cha kwanza wangu. Shule ya msingi walisoma kwa Kiswahili miaka saba, wamefika sekondari masomo karibu yote Kiingereza. Ukiuliza swali, kimya. Si wajinga, wakutane mapumziko uone wanavyobishana!

Juzi nikaandika ubaoni neno la Kiingereza la kukataa, nikasema asiongee mtu, onyesheni. Binti mmoja wa dawati la nyuma, sauti yake sijawahi kuisikia, akainuka. Akaigiza msichana anayekataa kuozwa. Mabega tu na shingo. Darasa zima likaelewa, likapiga makofi. Halafu, bila kuulizwa, akalitamka lile neno kwa Kiingereza. Kwa sauti.

Ana miaka 14, kama Juliet wa Nairobi.

Kwa hiyo nyie mnaotutania kampasi kwamba sanaa za maonyesho ni kozi ya kuchezacheza, mje Idodi mfundishe vipindi viwili tu. Halafu tuongee.

Nawasilisha.